Shajara ya Koha Kigoma: kitabu kiko wapi, na wewe unasema uko wapi

Wiki ya 1, Jumatatu

Basi leo ndo nimeanza rasmi. Kazi yenyewe ni hivi, tuna matawi matatu ya maktaba, Mwanga hapa mjini, Ujiji, na Kasulu, kila moja lina madaftari yake na Ekseli yake, tunataka vyote vikae kwenye Koha moja, ile programu ya kuendesha maktaba, ili msomaji akifungua simu aone kitabu kipo tawi gani kabla hajatoa nauli ya bajaji. Seva tumekodi nje, mimi naingia kwa leptopu. Toleo letu ni 23.11, maana yake Novemba 2023, hawa jamaa namba zao ni mwaka na mwezi tu, hamna cha kukariri.

Kitu cha kwanza nimecheka mwenyewe ofisini. Aliyeifunga kabla yangu aliikubalia iweke data za mfano, kwa hiyo kwenye orodha ya matawi nimekuta Centerville, Midway, Springfield, Riverside. Nikajiuliza hii Riverside iko upande gani, Kibirizi au Bangwe? Nikaanza kufuta moja moja, zinatoka vizuri, kufika Centerville ikagoma, inadai kuna watu bado wamesajiliwa pale. Nikahangaika weee, kumbe ni akaunti ya admini yenyewe. Yaani msimamizi mkuu wa maktaba za Kigoma muda wote huo alikuwa mkazi wa Centerville. Nikamhamisha kwanza, ndo ikakubali kufutika.

Jumanne

Nimetengeneza matawi yetu. Hapa ukikosea umekosea, ile kodi ya tawi haizidi herufi 10 na ukishaihifadhi huibadilishi tena, jina la tawi unabadili utakavyo ila kodi ndo imeshaganda, kila kitabu na kila mwanachama atashikiliwa nayo. Nimeweka KGM, UJJ na KSL. Nilifikiria MWANGA badala ya KGM ila nikawaza siku tukihama jengo itakuwaje, tukienda Gungu halafu vitabu vyote vinasoma MWANGA.

Jioni nikapita Ujiji kumweleza mzee wetu wa pale, ameshika lile tawi miaka mingi, hakuna kitabu asichokijua. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukakaa. Nikamwambia kila tawi sasa lina kodi yake. Akavua miwani. "Kodi gani tena? Si mlisema hii kitu ya bure?" Nikajua nimeanza vibaya. Nikamweleza siyo kodi ya kulipa, ni kile kifupi cha tawi, herufi tatu, na programu ni ya bure kweli, ilitengenezwa Nyuzilandi, maktaba za Horowhenua ndo walianza kuitumia Januari 2000, na neno lenyewe koha ni la Kimaori, maana yake zawadi. Akasema sawa, zawadi naijua, ila hilo neno kodi usilitamke mbele ya wazee wenzangu. Kuanzia leo naandika kifupi cha tawi.

Alhamisi

Leo siku nzima ni kueleweshana. Watu wanasema "location" kama kitu kimoja, kwenye Koha ni vitu vitatu na vyote vinaongea kuhusu mahali. Kuna tawi lenye mali, kuna tawi ambalo kitabu kipo sasa hivi, na kuna rafu ndani ya tawi. Kwenye rekodi ya MARC, ule muundo wa kuandikia taarifa za kitabu kwenye kompyuta, vyote vinakaa uga wa 952, a ni mwenye mali, b ni kilipo, c ni rafu. Ukivichanganya huoni kosa siku hiyo, unakuja kuliona baada ya mwezi watu wameshaanza kugombana.

Nilivyomfafanulia dada wa Kasulu kwenye simu alielewa haraka kuliko wote, akasema kaka hiyo si kama mtoto, kwao ni Kasulu, sasa hivi yuko kwa shangazi Ujiji, analala chumba cha uani. Nimeiba huo mfano, nautumia kila mahali.

Rafu zimenichosha lakini. Mimi nilitaka majina manne kwa matawi yote, Rejea, Watoto, Vya Kiada, Vya Kawaida, basi. Mzee akakataa katakata, pale Ujiji kuna kabati la kioo lina vitabu vya zamani, vya dini na vya historia ya pwani na bara, watu wanakuja wanasema "nataka kile cha kabati la kioo", nikiita Rejea hakuna atakayekipata. Na kweli nilienda kuangalia, kioo chenyewe kimepasuka kona kimewekwa selotepu, funguo anaweka mfukoni na leso, ila kila mtu anakijua. Nikaongeza KIOO kwenye zile thamani za LOC, yaani orodha ya majina ya rafu, kisha nikaiwekea mpaka wa tawi ionekane Ujiji peke yake, maana Koha inaruhusu thamani moja ionekane kwa matawi fulani tu. Mwanga hawaioni kabisa. Kasulu wao wana vitabu vya Kifaransa kwa ajili ya wasomaji wanaotokea Burundi na Kongo, hivyo sikuviwekea rafu, nimeviwekea mkusanyiko, kwa sababu vimetawanyika rafu zote na tunataka tuvihesabu pamoja.

Wiki ya 2, Jumatano

Kuingiza data. Ekseli nimezigeuza MARC kwa programu ya MarcEdit, Mwanga ikapita, Ujiji ikapita. Kasulu ikarudisha makosa kibao ya invalid_homebranch, yaani tawi lenye mali halitambuliki, vitabu vimeingia lakini nakala hazipo, yaani jina la kitabu unaliona ila ukiuliza kipo wapi hakipo popote. Nikafungua faili nikaona safu ya tawi ina KSL, Ksulu, KASULU, na kuna sehemu mtu ameandika KSL akaacha nafasi mbele. Kwa jicho huioni hiyo nafasi. Nimesafisha yote nikaanza upya, nimekula migebuka ya baridi saa 10 jioni, sina zaidi ya kusema kuhusu leo.

Ijumaa

Kadogo tu. Mzee kanipigia simu kwa ukali, anataka kujua nani alifungua maktaba ya Ujiji saa 11 alfajiri. Kwenye historia ya kitabu inasoma kimerudishwa 05:12. Hakuna aliyefungua, seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu masaa matatu, kilirudishwa saa 2 na dakika 12 asubuhi kama kawaida. Nimeweka Africa/Dar_es_Salaam kwenye faili la mipangilio, koha-conf.xml, nikarestati, imekaa sawa. Mlinzi wa pale alikuwa ameshaanza kuhojiwa maskini.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo imeniuma, naandika kwa kirefu.

Tumeshaanza kuazimisha kwa mfumo tangu wiki iliyopita. Saa 5 asubuhi kaja mama mmoja hapa Mwanga, ametoka Ujiji, mtoto mgongoni, simu mkononi, ananionyesha kitabu cha ufugaji wa nyuki, katalogi inasema kipo, tawi Mwanga, rafu Vya Kawaida. Tukaenda rafuni, hakipo. Tukaangalia kwenye mkokoteni wa vilivyorudi, hakipo. Mwenzangu akatania kwamba hata Stanley alimtafuta Livingstone mpaka akamkuta Ujiji mwaka 1871, labda na hiki kiko huko. Mama hakucheka, na mimi nilivyoangalia ile jasho yake sikucheka. Ila ikanikaa kichwani, nikampigia mzee, nikamwomba aangalie mezani kwake. Akasema subiri. Nasikia makaratasi yanasogezwa. "Kipo hapa mwanangu, kimerudishwa jana, nimekiskani mwenyewe."

Amekiskani mwenyewe, Ujiji, na mfumo unasema kiko Mwanga! Mama ametoka kulekule kilipo kitabu akatoa nauli kuja kisipokuwepo. Nikamrudishia nauli mfukoni kwangu na nikamwambia mzee amwekee.

Baada ya chakula nikapanda daladala kwenda Ujiji kuona kwa macho. Nikamwambia mzee fanya kama unavyofanya siku zote. Akafungua, akaingiza jina na paswedi, akabonyeza, ukurasa ukafunguka, na pale juu kulia kabisa kwa maandishi madogo, Mwanga. Nikauliza mzee hii Mwanga umechagua wewe? Akasema sijachagua kitu, inakuja hivyohivyo.

Kosa ni langu. Akaunti za wafanyakazi wote nilizitengeneza siku moja nikiwa nimelogini KGM, Koha ikajaza tawi la kila mmoja KGM, mimi sikuangalia. Sasa mtu asipochagua tawi wakati wa kuingia, inampa tawi lake la nyumbani, kwa hiyo Ujiji nzima imefanya kazi wiki nzima ikijitambulisha kama Mwanga. Mfumo hauna macho, unaamini unaposema uko. Ukiskani kitabu unauambia "kitabu hiki kipo hapa nilipo", na "hapa nilipo" ilikuwa uongo.

Na kulikuwa na kichekesho kingine ndani yake. Vitabu ambavyo mwenye mali ni Ujiji, vikirudishwa pale pale Ujiji, mfumo ukidhani uko Mwanga unatoa ujumbe kwamba tafadhali kirudishe Ujiji. Mzee anasema huo ujumbe ameuona kila siku, akawa anajibu sawa, si tayari kiko Ujiji, anakirudisha rafuni. Ana haki kabisa! Lakini kwa mfumo kila kimoja kimepanda gari kutoka Mwanga na hakijawahi kufika. Nimefungua orodha ya vilivyo njiani, imejaa vitabu ambavyo havijawahi kutoka kwenye chumba nilichokaa.

Jumatano

Nikajifanya mjanja. Kuna settingi inaitwa AutoLocation, unaweka anwani ya IP ya kila tawi, ile namba yake kwenye intaneti, mtu akilogini kutoka mahali pengine inamkatalia. Nikasema hii ndo dawa, hakuna tena kujitambulisha kwa uongo. Nikachukua IP ya kila tawi ya asubuhi ile, nikaweka, nikawasha, nikajaribu, safi.

Saa 8 mchana wingu likashuka kutoka ziwani, radi mbili tatu, umeme ukakatika mji mzima, ukarudi baada ya nusu saa. Modemu zetu zote ni za laini za simu, zikiwaka upya zinapewa IP mpya. Ujiji hawaingii. Kasulu umeme ulikuwepo lakini na wao modemu yao ilijizima ikawaka, hawaingii. Mimi siingii. Wote watatu tumefungiwa nje ya nyumba yetu wenyewe na ufunguo umo ndani.

Bahati seva naweza kuifikia kwa SSH, njia ya kuiamuru kwa mbali bila kupitia Koha, nikatumia intaneti ya simu, nikaingia kwenye databesi kwa koha-mysql, nikaigeuza AutoLocation kuwa 0 kwa mkono, nikafurahi, nikajaribu, bado inakataa. Dakika kumi nzima natukana kimoyomoyo kabla sijakumbuka memcached, settingi zinahifadhiwa humo ili zisome haraka, kubadili databesi tu haitoshi. Nikairestati, mlango ukafunguka. Hiyo AutoLocation ni ya watu wenye IP isiyobadilika, siyo sisi wa modemu na radi.

Alhamisi

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo na haihitaji ujanja. Nimefungua akaunti ya kila mfanyakazi nikaweka tawi lake la kweli, halafu nimewaondolea ile ruhusa ya loggedinlibrary, kwa hiyo hawawezi kuchagua tawi lingine hata wakitaka. Imebaki kwangu na kwa bosi tu, sisi tunaozunguka. Na nimebandika karatasi juu ya kila kompyuta na mshale unaoelekea kona ya kulia, imeandikwa ANGALIA HAPA UNASOMEKA UKO WAPI. Mzee ya kwake kaiwekea fremu.

Halafu kazi ya mikono. Ujiji tumeskani kila kitabu kilichopo, rafu kwa rafu, mimi nashika skana mzee anashika ngazi, cha Ujiji kikiskaniwa Ujiji ile safari hewa inafungwa yenyewe kinasomeka kipo nyumbani, cha Mwanga kikiskaniwa Ujiji kinaandikwa safari ya kweli tunakitia kwenye boksi. Tumemaliza adhana ya Magharibi inaadhiniwa.

Wiki ya 4, Jumatatu

Ugomvi wa kurudi nyumbani. Bosi alitaka tuweke vitabu vyote vielee, yaani kikirudishwa tawi lolote kibaki hapo hapo, tusilipe usafirishaji. Kwenye makaratasi ni wazo zuri. Tumejaribu siku chache kimyakimya, na nikatoa ripoti ya kilichotokea Ujiji, watu wanaazima kule kwao halafu wakija sokoni Mwanga wanarudishia hapa, basi vitabu vinakuja mjini havirudi. Rafu ya riwaya ya Ujiji ilibaki kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Mzee hakupiga kelele, alisema tu, "Mnaniachia kabati mwanangu, vitabu mmechukua."

Sasa tumefanya hivi. Ujiji na Kasulu, vitabu vinarudi nyumbani. Vya kiada vya Mwanga vinaelea, maana nakala ni nyingi na zote zinafanana. Vya KIOO nimeviwekea aina ya kitabu isiyoazimishwa kabisa, ni vya kusomea pale pale. AutomaticItemReturn nimeiwasha ili mtu akipokea kitabu cha tawi lingine isimuulize maswali, inaandika safari na kutoa kikaratasi cha kuweka ndani ya kitabu. Zamani ilikuwa inauliza, na mtu aliyechoka akiulizwa anabonyeza chochote.

CircControl, settingi inayoamua sheria za kuazima zifuate tawi gani, nimeweka tawi la kitabu. Kasulu wanaruhusu siku 21 kwa sababu wasomaji wao wengine wanatoka vijijini mbali, sisi siku 14, kwa hiyo kitabu cha Kasulu hata ukikiazimia Mwanga kinakwenda na siku zake 21. Dada wa Kasulu ndo alidai, akasema vitabu vyetu vitembee na sheria zetu.

Jumatano

Boksi la Kasulu linakuja na basi kila Ijumaa, konda anapewa chake. Leo kaka wa mapokezi kaniita kwa hofu, orodha ya vinavyosubiriwa imewekewa alama kwamba vimechelewa. Hakuna kilichochelewa, ni TransfersMaxDaysWarning, inakuja na siku 3 ukiifunga, sisi basi letu ni mara moja kwa wiki. Nimeweka 10. Mvua za masika zikiharibu barabara nitaongeza.

Ijumaa

Kalenda. Kila tawi na yake. Nimeweka za kujirudia kila mwaka kwenye Mwanga nikaweka tiki ya kunakili kwa matawi yote, 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba, Krismasi na siku inayofuata. Pasaka inahama, Idi inafuata mwezi, hizo ni za kuweka moja moja kila mwaka, na Idi huwezi hata kuiweka mapema ukawa na uhakika, mpaka mwezi uandame. Nimempa mzee ruhusa ya kalenda ya Ujiji, usiku wa mwezi kuandama yeye ndo atabonyeza, nani mwingine?

Aliomba pia Ijumaa nusu siku, kuanzia saa 6 wanafunga kwenda msikitini. Koha kwenye kalenda siku ni nzima, imefungwa au haijafungwa. Tumeiacha wazi, haina madhara kwa sababu kitabu cha kurudishwa Ijumaa mwisho wake ni 23:59, anayekuja baada ya swala hapigwi faini. Jumapili wote tunafunga, Kasulu na Jumamosi, na useDaysMode nimeweka ikisukume mbele mpaka siku ya kufungua, asiambiwe mtu arudishe kitabu Jumapili kwenye mlango wenye kufuli.

Wiki ya 5, Jumanne

Nimepitia vilivyo njiani. Vyote vimefika isipokuwa kimoja, cha hadithi, cha Ujiji, kiliskaniwa Mwanga kikatiwa kwenye boksi, tangu hapo kimya. Nimeuliza dereva wa bajaji, nimeuliza kaka wa mapokezi, nimetoa hadi mkeka wa ofisini. Saa 12 jioni mzee akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, kile kitabu usikitafute, kiko nyumbani kwangu. Nilikitoa kwenye boksi nikaanza kukisoma."

Nikamwambia sawa mzee, kesho ukija ukiskani hapo hapo Ujiji. Akasema ngoja kwanza, zimebaki kurasa arobaini.